Mpiga Besi wa Kwaya Zote

Kama umewahi kuangalia video za kwaya za mkoa huu wa Simiyu, basi mume wangu umeshamwona. Usibishe. Ni yule mzee mrefu mwenye mvi, anayesimama nyuma ya sauti ya pili, amekumbatia zeze kubwa linalomzidi kimo, mkono wa kulia unakwenda na kurudi kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno. Yumo kwenye ile video ya juu ya mawe. Yumo kwenye ile ya shamba la alizeti. Yumo kwenye ile ya ziwani kule Nassa, ambako walimsimamisha kwenye tope la ukingoni, yeye na chombo chake, eti ipendeze. Kumwona umemwona. Lakini nakuuliza, umemsikia? Thubutu! Kwenye video zote hizo hakuna hata mlio mmoja uliotoka kwenye nyuzi zake.

Mimi naitwa Ikupa. Ni muuguzi. Nilipangiwa kazi Bariadi nikitokea Tukuyu, nikaja na begi moja na mdomo wangu. Wasukuma ni watu wa upole, wanasalimiana mpaka chai inapoa. Mimi nimezaliwa na hasira zangu na sijaona sababu ya kuziombea radhi. Kwa hiyo habari za mume wangu Luhaga nitazisimulia kwa hasira, na asiyependa akaangalie video.

Luhaga alizaliwa Malampaka, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Alipelekwa shule ya misheni, na huko kulikuwa na bruda mmoja mzee wa Kijerumani aliyekuwa ameweka besi stoo, ile ya nyuzi nne inayopigwa mtu akiwa amesimama. Hakuna mtoto aliyeweza kuifikia shingo. Luhaga akaifikia. Ndivyo alivyochaguliwa, jamani, si maono wala nini, ni urefu tu. Bruda akamfundisha miaka yote ya shule, kisha akamtafutia nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani, na kijana wa Malampaka akaenda kujifunza kupiga besi kwenye baridi ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa inamng'ata vidole kupitia glavu.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kule, mtu akitafuta kazi ya okestra anapiga akiwa nyuma ya pazia. Waamuzi hawamwoni. Hawajui ni mwanamke au mwanaume, mweupe au mweusi. Wanasikiliza tu. Luhaga akapiga nyuma ya pazia, pazia likafunguliwa, wakakuta Msukuma. Wakampa kazi, akaifanya karibu miaka ishirini. Wazungu walimwajiri mtu kwa kumsikia bila kumwona. Kwao alikozaliwa wanamtaka wamwone, kumsikia hawataki. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, nami nimeyaona, nimeyapikia na chakula.

Alirudi baada ya baba yake kufariki. Besi yake ikaja kwa meli mpaka Dar, kutoka Dar ikapandishwa lori lililobeba magodoro, ikafika Bariadi salama kabisa, haina hata mkwaruzo. Akapata vipindi vya kufundisha muziki sekondari. Mimi nilikutana naye kazini. Alikuja na kidole kimevimba, akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mtoto wake, kama kitapona. Nikasema huyu anajali vitu. Tukaoana, tukampata binti yetu Joyness.

Mama yake, Mayige, alikuwa amehamia Lingeka kwa mwanawe mdogo, Maduhu, anayefuga ng'ombe na kulima pamba. Huyo mama ameimba kwaya ya kigango tangu usichana wake. Sauti ya pili, mstari wa mbele, hakosi mazoezi hata mvua inyeshe ya mawe. Na mwanawe huyu wa besi, mama alikuwa hajawahi kumsikia akipiga. Aliondoka nyumbani mtoto, akarudi ana mvi. Kwa hiyo siku aliporudi mama alimwomba kitu kimoja tu, hakuomba kanga wala bati za nyumba. "Nataka nikusikie," alisema.

"Utanisikia, mayu," Luhaga akamjibu. "Nitakupigia siku unaimba na kwaya yako."

Mimi nikamwambia, mpigie hata uani, kuna shida gani? Pakia chombo kwenye gari, nenda Lingeka, piga, mama afurahi, rudi. Hapana. Yeye hajawahi kupiga peke yake maishani, kazi ya besi ni kuwabeba wengine, besi peke yake ni ugali mkavu. "Nani anamkaribisha mama yake ugali mkavu?" akaniuliza. Nikaona ni unyenyekevu, nikanyamaza. Kumbe ndiyo ulikuwa mwanzo wa balaa.

Kwaya ya kwanza kumwita ilikuwa ya hapa mjini. Akafurahi, akapaka ulimbo upinde wake wa kusugulia nyuzi, akavaa shati la kazi alilotoka nalo Ujerumani. Akafika studio kwa mtu mmoja anaitwa Kasmiri, anayerekodi na kupiga picha kwaya za mkoa mzima. Kasmiri akamwambia, "Mzee, besi tumeshaweka. Iko kwenye kinanda."

"Sasa mmeniitia nini?"

"Kwenye video, mzee. Lile lidude lako litapendeza!"

Mtu mwingine angechukua kilicho chake akaondoka. Mimi ningeondoka, tena na waya za studio mkononi. Luhaga akakubali. Alirudi nyumbani akanieleza kwamba heri nusu shari, kwamba wakimzoea machoni watamtaka na masikioni, kwamba wamemwahidi safari ijayo atapiga kweli. Safari ijayo! Kila kwaya ilimwahidi safari ijayo. Na habari zikaenea, kila kwaya ikamtaka, ikawa kwaya isiyo na lile zeze kubwa inaonekana ya kimaskini. Walikuja wa Maswa, wakaja wa Busega, wakaja wa Itilima. Mume wangu akawa maarufu kwa kazi ambayo haifanyi.

Nilimfuata siku moja nikaona kwa macho yangu. Wanafungulia wimbo kwenye spika, waimbaji wanachezesha midomo, na Luhaga anapitisha upinde hewani, juu kidogo tu ya nyuzi. Akizigusa, Kasmiri anafoka kwamba anaharibu. Lakini mkono wa kushoto unabonyeza kila noti pale inapotakiwa, hakosei hata moja. Nikamuuliza jioni yake, unabonyeza sawasawa ili iweje, nani anaona? Akasema, "Mimi naona." Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hiki cha mume wangu kilikuwa kimya tu.

Basi, mwaka jana baada ya mavuno nikaenda Lingeka kumpelekea mama mkwe sukari na dawa zake za presha. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya. Nilijua nisipomkuta mapema atakuwa ameshaondoka, nikawahi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola duhu."

Tukakaa, tukachambua karanga. Jua likapanda, likaanza kushuka, naye hanyanyuki. Nikamuuliza kama leo hakuna mazoezi.

"Yapo. Mimi nimeacha."

Nikadhani sikusikia vizuri. Mama Mayige kuacha kwaya! Nikamuuliza nani kamuudhi.

"Hakuna aliyeniudhi. Masikio yamekufa. Sare nimeirudisha, wampe mwingine."

Mimi ni muuguzi, siamini maneno matupu. Nikamwangalia masikio, safi. Nikasimama nyuma yake, mbali kidogo, nikanong'ona, "Mkwe wako ana mdomo mchafu."

"Hilo nalijua," akajibu bila kugeuka.

"Mayu, wewe husikii wapi sasa?"

Akamwita Maduhu alete simu. Maduhu akaweka ile video ya kwenye mawe. Mama akaweka kidole chake juu ya kioo, pale pale aliposimama Luhaga. "Namwona anapiga," akasema. "Zeze nalijua, baba yangu alikuwa nalo, najua sauti ya uzi. Hapa nasikia kinanda, nasikia ngoma, nasikia watu wanaimba. Mwanangu simsikii. Wenzangu wote wanamsikia."

Na kweli, jamani, majirani wawili waliokuwa wamekuja kwa Maduhu wakainama kwenye simu, mmoja akatikisa kichwa kwa raha: "Ebu sikia linavyonguruma!" Linanguruma nini? Kinanda cha Kasmiri! Maduhu naye, kwa nia njema kabisa, akanieleza kama ananifundisha kazi yangu: "Sauti yake ni nzito mno, shemeji. Masikio ya wazee hayaibebi."

"Ndiyo nikaelewa," mama akasema. "Sauti nzito zimeniondoka. Sasa nitaimbaje na wanaume nyuma yangu siwasikii vizuri? Nitaharibu wimbo. Mtu mzima anajua wakati wa kutoka."

Huyu mama ameimba maisha yake yote, ameacha kitu anachokipenda, ameketi anachambua karanga saa ya mazoezi, kwa sababu watu wazima wenye akili zao wanasifia sauti ambayo haipo! Neno lilinifika mdomoni. Nikalimeza. Niliona mwenye kulisema ni mwanawe, alitoe kinywani mwake mwenyewe. Nikarudi Bariadi nawaka moto.

Nilimkuta Luhaga sebuleni anafuta vumbi la ulimbo kwenye besi. Nikamweleza yote, sikupunguza neno. Akaweka kitambaa chini. Akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa.

"Usimwambie, mama Joyness."

"Nisimwambie nini? Kwamba ni mzima?"

"Ukimwambia yeye ni mzima, atajua mimi ni nini."

Khaa! Nikamwambia, baba Joyness, mficha uchi hazai. Mama yako anajiona kiziwi ili wewe uonekane mpiga muziki? Alikubeba tumboni, na bado umbebeshe na hili? Akaniomba. Mume wangu si mtu wa kuomba, lakini siku ile aliniomba kwa mikono miwili. Jubilei ya kigango cha mama ilikuwa imebaki wiki mbili. Mwenyekiti wa kwaya, mwalimu Wilbroad, alikuwa amemwita aje apige, akamwapia kwamba safari hii hakuna kanda, wanaimba kwa midomo yao na yeye anapiga kwa mikono yake. "Nitampigia mbele ya wenzake," Luhaga akasema. "Atanisikia. Atajua masikio yake ni mazima, atachukua sare yake, na hakuna atakayehitaji kuambiwa kitu. Wiki mbili tu." Nikakubali, lakini roho haikukubali. Wiki mbili za uongo kwa mama mzazi si chache.

Akajiandaa kama anarudi okestra. Alimwomba Wilbroad noti za nyimbo zote, akaandika sehemu ya besi kwa kila wimbo, akapiga asubuhi na jioni mpaka Joyness akawa anaimba mezani na kijiko mdomoni. Nyumba ilitikisika. Mimi nilikuwa naosha vyombo huku nasema moyoni, ona, hiki ndicho wanachounyima mkoa mzima.

Siku ya jubilei uwanja wa kigango ulijaa. Turubai limefungwa, ng'ombe wawili wamechinjwa, akina mama wanapika nyuma ya kanisa. Mama Mayige aliketishwa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki. Alivaa kitenge kipya, si sare. Wenzake wa sauti ya pili walipita mbele yake na sare zao za bluu, wakimwamkia, naye akiitika huku akiangalia chini. Luhaga alisimika besi yake nyuma ya waimbaji, akakaza nyuzi, akanitazama, akatabasamu. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu siku Joyness alipozaliwa.

Ndipo ikaingia pikapu ya Kasmiri na spika mbili na jenereta.

Wilbroad akamfuata Luhaga huku anafikicha mikono. "Mzee, mambo yamebadilika kidogo. Nyimbo tulisharekodi Mwanza mwezi uliopita. Mgeni rasmi anapenda vitu visafi, unajua tena. Wewe piga tu kama kawaida yako."

Kama kawaida yako! Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. Na unajua nini kingine? Kwenye hiyo kanda nusu ya waimbaji hawakuwa wa kigango, walikodishwa huko huko mjini. Kwaya yenyewe ilikuwa inakwenda kuchezesha midomo kwa sauti za watu wasiowajua.

Nikamwangalia mume wangu. Nikasema sasa atakataa. Mtu aliyepiga nyuma ya pazia la Wazungu atashindwa kumwambia mwalimu Wilbroad hapana? Akamtazama mama yake aliyekaa mbele anasubiri. Halafu akauchukua upinde, akauinua juu ya nyuzi, hewani, pale pale ulipozoea.

Mwe!

Wimbo ukafunguliwa. Watu wakapiga vigelegele. Nyuma yangu mtu akasema, "Zeze hilo, sikia!" Mama Mayige akainama mbele, akaweka mkono nyuma ya sikio. Akamkazia macho mwanawe, akaangalia ule mkono unavyokwenda na kurudi, akasikiliza kwa uso mzima. Akageuza sikio la pili. Kisha akavuta kitenge akajifunika kichwa, akabaki ameinama kama mtu aliye msibani.

Hapo nilikwisha. Nikazunguka nyuma ya pikapu, nikalizima jenereta.

Ukimya ulioanguka pale sijawahi kuuona. Midomo ya kwaya iliendelea kufunguka na kufumba, halafu mmoja mmoja ikaganda. Kasmiri akafoka, "Nani kazima?" Nikamwambia, "Mimi. Njoo uwashe." Hakuja. Na Luhaga, ambaye hupiga amefumba macho akifuata wimbo ulio kichwani mwake, mkono wake ulikuwa bado unakwenda. Ulikwenda, ukarudi, ukaenda tena, na uwanja mzima ukiwa kimya. Alipofumbua macho watu wote walikuwa wanamwangalia, na mama yake alikuwa ameshaondoa kitenge kichwani.

Mama akainuka. Akapita katikati ya waimbaji, wakampisha. Alipofika kwenye besi akaingiza kiganja chake kati ya upinde na nyuzi. Kikapita.

"Haugusi," akasema.

"Haugusi, mayu."

"Kwa hiyo sauti yako haimo."

"Haimo."

"Na kwenye simu ya Maduhu?"

"Haimo. Haijawahi kuwamo."

Akageuka akawatazama watu waliokuwa wanasifia, mmoja baada ya mwingine, nao wakaangalia viatu vyao. Kisha akamrudia mwanawe. "Basi masikio yangu ni mazima."

"Ni mazima, mayu."

"Ulijua kwamba nimeacha kuimba?"

Luhaga akanitazama. Sikumsaidia. Mimi ni mke wake, lakini siku ile sikuwa na msaada wowote wa kumpa.

"Nilijua," akasema.

Nilitegemea mama atafoka. Mimi ningefoka mpaka Mwanhuzi wasikie. Hakufoka. Alikwenda kwenye mstari wa sauti ya pili, akamwambia binti aliyesimama mahali pake, "Sogea, mjukuu wangu," binti akasogea. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni. Akaanza wimbo wa zamani wa matoleo, wa Kisukuma, peke yake, bila kinanda, bila spika. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo lakini haikuyumba. Akina mama wakaingia. Wanaume wakachelewa, wakatazamana, kisha nao wakaingia, wengine wamekosea mahali, lakini waliingia, na ilikuwa midomo yao wenyewe.

Luhaga alisimama na upinde wake akisikiliza ubeti wa kwanza. Nikamwona anashusha mkono. Safari hii aliushusha mpaka chini, upinde ukakaa kwenye uzi mzito, na mlio ukaanza kutoka, mnene, mtamu, ule ninaoujua mimi nyumbani. Watu wakageuka kwa mshangao. Uso wa mume wangu ulijaa machozi.

Mama Mayige akainua mkono. Kwaya ikanyamaza.

"Wewe hapana," akamwambia. "Wewe kaa, usikilize."

Luhaga akaondoa upinde kwenye nyuzi. Akailaza besi majanini, akapita mbele ya watu wote, akaketi kwenye kiti cha plastiki alichokuwa amekalia mama yake, na wimbo ukaanza upya bila yeye.